Taa za Gari la Nassoro

Aliyenunua gari Kisangani katika mwaka ule wa vita alikuwa mwendawazimu, au mnunuzi wa almasi, au mtu ambaye shida zimemfika shingoni. Mumbere hakuwa mwendawazimu, na almasi alizijua kwa zile picha tu zilizochorwa kwenye kuta za wanunuzi. Yeye alikuwa mwuza chumvi, sabuni na viberiti katika soko kuu, Mnande aliyetoka Butembo na gunia moja begani, na baada ya miaka ya kujinyima akawa na meza mbili na jina zuri kwa wateja. Shida yake ilikuwa Odile, mke wake, mwenye mimba ya miezi saba, aliyekuwa Banalia akitokwa na damu.

Odile alikuwa amekwenda huko kwa matanga ya baba yake. Alipanda lori la wachuuzi wa mpunga, akaahidi kurudi na lori hilohilo, na angerudi kweli kama askari wasingelichukua. Siku hizo kulikuwa na majeshi mawili ya kigeni mjini, yaliyokuja pamoja kama marafiki na sasa yanatazamana kwa chuki, moja upande wa huku wa mto Tshopo na jingine ng'ambo ya daraja. Kitu ambacho majeshi hayo yalikubaliana ni kimoja tu, kwamba gari la raia ni mali ya askari atakayeliona kwanza.

Habari ilifika kwa foni ya parokia, ile redio inayokoroma ambayo mapadri waliwaachia watu waitumie baada ya misa ya asubuhi. Upande wa pili alikuwa Eddy, mdogo wake Odile.

"Shemeki, unasikia? Damu iko natoka. Kidogo-kidogo, lakini iko natoka. Infirmier wa zahanati anasema mutoto amelala mubaya, lazima bamupasule, na huku hakuna mutu wa kupasula. Donc siye tutamubeba ku tipoyi, kesho tunatoka. Terminé."

Tipoyi ni kitanda cha fito kinachobebwa mabegani na wanaume wanne. Kutoka Banalia hadi Kisangani ni zaidi ya kilomita mia moja, na ulikuwa msimu wa mvua. Mumbere alimwona mke wake akirushwa huku na huku juu ya fito zile, damu ikidondoka kwenye matope. Alibonyeza kitufe cha foni kwa nguvu kana kwamba ndicho kilichomkosea.

"Hapana! Musimubebe! Musimutikise! Mumuambie alale tu, mi nakuya na motokari. Unasikia, Eddy? Mungoje. Nakuya na motokari. Terminé!"

Watu waliokuwa wakisubiri zamu yao kwenye foni waligeuka kumtazama. Mumbere hakuwa na gari. Hata baiskeli hakuwa nayo. Lakini alikuwa ameshasema, na kule Banalia Odile alikuwa ameshaambiwa, na mke wa Mumbere alikuwa mtu wa kuamini aliloambiwa na mumewe.

Gari lililopatikana lilikuwa la mzee Nassoro, mtu wa Kasongo aliyekuja Kisangani zamani za ujana wake na kufanya kazi ya usafirishaji mpaka vita vilipomstaafisha. Alikaa Kabondo. Nyuma ya jiko lake, chini ya turubai na makuti makavu, alikuwa ameficha Peugeot bâchée, yaani pikapu, nyeupe, iliyochakaa rangi lakini yenye injini iliyoitika kwa mara ya kwanza ilipoguswa ufunguo. Mumbere aliizunguka. Ujanani aliwahi kuwa tandiboi wa malori ya Butembo, na kuendesha alifundishwa na dereva mlevi aliyetaka kulala njiani, kwa hiyo hakuwa mgeni wa magari. Alibonyeza matairi, akachungulia chini, akanusa mafuta. Kila kitu kilikuwa sawa. Alipofika mbele akakuta mahali pa taa kuna mashimo mawili tu, na nyaya zimening'inia.

Mfanyabiashara akiona kasoro ya wazi namna hiyo kwenye kitu anachotaka kununua, hata akiwa na msiba nyumbani, kuna kitu ndani yake kinachofurahi. Mumbere alifurahi, na baadaye aliichukia furaha ile kuliko kitu chochote alichowahi kukihisi.

"Papa Nassoro, hii motokari haina macho."

"Haina."

"Sasa unaniuzisha kipofu kwa bei ya muzima?"

Alijiandaa kwa mabishano marefu, viapo, mzee kuwaita wanawe washuhudie jinsi anavyodhulumiwa. Nassoro hakufanya hivyo. Alipunguza bei palepale, dola mia moja, bila hata kukunja uso. Kisha akatupa jicho kwenye ua. Upande wa pili wa ua ule wa matete walipanga askari, na kofia ya mmoja wao ilikuwa inapitapita. Mzee akamshika Mumbere mkono, akamvuta karibu na jiko na kushusha sauti.

"Mutoto wangu, unisikilize. Kwa ma-phare, mataa haya, usikuwe na haraka. Enda na motokari vile iko. Ukimaliza mambo yako, ukirudi, ukitulia, bon, utaona."

"Barabara ya Banalia bila phare, papa?"

"Miye nimekuwa nayo mwaka muzima bila phare. Iko hapa. Motokari za barafiki yangu zilikuwa na ma-phare muzuri sana. Unaziona wapi?"

Na hapo ndipo alipokosea Mumbere, kwa kosa ambalo padri asingelifanya, wala mwalimu, wala mkulima wa Yahuma. Ni mwuzaji tu angeweza kulifanya. Yeye mwenyewe alikuwa amewaambia wateja, si mara moja wala mbili, kwamba sabuni iliyoloa ndiyo yenye povu, na kwamba chumvi ya kijivu ina nguvu kuliko nyeupe. Alijua jinsi mwuzaji anavyoshusha sauti. Alijua jinsi anavyomshika mteja mkono na kumwita mtoto wangu. Kwa hiyo maneno ya mzee yaliingia sikio moja yakatokea la pili, na moyoni alicheka kidogo: mzee kajua kuuza, mpaka shimo analiuza kama ziada. Ile kofia nyuma ya ua aliiona, lakini hakuiunganisha na kitu.

Akalipa. Meza moja ya sokoni pamoja na kila kilichokuwa juu yake ilikwenda kwa Mnande mwenzake kwa bei ya kutupa, na akiba ya miaka ikafuata.

Angeweza kuondoka kesho yake alfajiri. Tuseme wazi, kwa sababu yeye mwenyewe alilisema mara nyingi baadaye: angeondoka alfajiri ile angefika jioni. Lakini gari alilipeleka kwanza kwa fundi Emile, aliyekuwa na kibanda cha bati mtaani hapo Kabondo, ili amkagulie breki na kumtafutia mafuta. Emile hakuwa mwongo. Alijifuta mikono, akayatazama yale mashimo mawili na kumuuliza Mumbere safari yake kwa utaratibu, kama daktari.

"Kuenda utatoka asubuhi. Na mvua hii, na matope ya Bengamisa, utafika magaribi. Mugonjwa utamupakia saa gani?"

"Saa ileile."

"Alors utarudi naye usiku, ku forêt, bila phare? Utatia bibi ya watu ndani ya shimo. Hapana, papa. Bila ma-phare, miye sikuachi."

Nani angelikataa neno hilo? Mumbere hakulikataa. Alifikiri taa ni taa tu, kioo na balbu, kazi ya asubuhi moja, na dola mia alizopunguziwa zingetosha na kubaki za kununulia dawa.

Kumbe kioo chenyewe hakikuwapo mjini. Mto ulikuwa umefungwa, meli hazipandi kutoka Kinshasa, na kila kitu kilikuja kwa ndege kutoka Goma, kikipimwa kilo kwa kilo kama nyama. Emile alizunguka kwa mafundi wenzake. Huyu alikuwa na taa ya lori, kubwa mno. Yule alikuwa na taa moja ya saizi lakini imepasuka. Mwisho ikapatikana jozi nzima, mpya ndani ya karatasi zake, kwa mfanyabiashara mmoja wa katikati ya mji aliyejua vizuri kwamba hakuna mwingine. Alitaja bei akiendelea kula ndizi zake za makemba. Mumbere alidhani ametaja bei ya injini.

Halafu Emile akafungua boneti vizuri na kukuta panya wameguguna nyaya zote za mbele. Halafu swichi ilikuwa imeungua. Halafu kuna kidubwasha kimoja kidogo kama kiberiti, Emile alikiita relais, ambacho bila hicho taa zinawaka na kuzimika zenyewe, nacho kilikuwa na bei yake. Zile dola mia zilikwisha kabla kioo hakijagusa gari, zikafuatwa na dola mia nyingine, na Mumbere akawa kama mtu anayeteremka kilima kwa mbio. Kusimama ilikuwa vigumu kuliko kuendelea. Ameshalipa nyaya, ataachaje kulipa swichi? Ameshalipa swichi, vioo atamwachia nani?

Kilichobaki nyumbani chenye thamani kilikuwa cherehani ya Odile. Alikwenda kuichukua mchana, nyumba ikiwa kimya. Chini ya sindano kulikuwa bado na kitambaa cha mtoto, kimeshonwa upande mmoja. Alikitoa, akakikunja, akakiweka kitandani kwa upande wake mwenyewe wa mto, na akaibeba mashine hadi sokoni huku akiona haya kama mwizi.

Asubuhi iliyofuata, kwenye foni, haikuwa sauti ya Eddy. Alikuwa Odile mwenyewe, ameletwa na kukalishwa kwenye kiti.

"Mumbere, iko weye?"

"Iko miye. Damu?"

"Imesimama. Tangu jana imesimama. Unisikie, banasema umenunua motokari?"

"Nimenunua. Bâchée. Nyeupe. Banamalizia ma-phare tu."

Redio ikakoroma. "Franga umetoa wapi? Mumbere, usiuzishe mashini yangu."

"Siuzishi," alisema Mumbere.

"Basi niko nangoja. Eddy anataka kunibeba, nimemukatalia. Nimemuambia umesema tungoje."

Alitoka parokiani akiwa na furaha, ndiyo, furaha. Damu imesimama! Mungu amempa muda wa kumalizia taa zake. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na kwa siku nzima Kabondo ilimwona mtu anayesalimia kila mtu. Kesho yake foni haikushika kwa sababu ya radi. Na siku ya baada ya hapo aliyeongea alikuwa Eddy, na hakusema mengi: imerudi, na safari hii ni nyingi.

Jioni ileile Emile aliunganisha waya wa mwisho. Jua lilikuwa linazama. Mumbere aliketi kwenye usukani, akavuta swichi, na taa zikapiga ukuta wa jirani kwa weupe ambao mtaa ule haukuwa umeuona kwa muda mrefu. Wanawake waliokuwa wakitwanga ndizi za lituma wakaacha. Mtu akapiga makofi. Kabla makofi hayajashika, mama mmoja wa nyumba ya pili akapaza sauti, "Zima! Zima!" na Emile akaruka kama aliyechomwa, akaingiza mkono dirishani na kuzima mwenyewe.

"Juu ya nini unazima?" aliuliza Mumbere.

Emile alitazama barabara, huku na huku. "Bure tu. Banaweza kuona." Halafu akakusanya funguo zake haraka, bila kumtazama. Labda ni hapo tu alipokumbuka, au labda alijua siku zote na alitaka kazi. Siwezi kumsemea. Njaa ilikuwa nyingi mwaka ule, na fundi ambaye hatengenezi taa hali.

Mumbere aliondoka asubuhi na mapema, ukungu ukiwa bado mtoni. Nyuma alikuwa ameweka godoro, mashuka mawili, jerikeni la mafuta na boksi la sabuni la kufungulia vizuizi. Kizuizi cha upande wa huku wa daraja kilifunguka kwa sabuni sita. Askari wake walikuwa na usingizi. Alivuka daraja la Tshopo, maji yakinguruma chini, akasema kwa sauti, peke yake garini, "Odile, natoka sasa."

Kizuizi cha ng'ambo kilikuwa mikononi mwa wale wengine. Afisa wao alitoka kwenye kibanda akiwa na kikombe cha chai. Alikuwa mtu mpole wa sura, aliyezungumza Kiswahili cha mashariki, taratibu.

"Habari ya asubuhi, bwana. Unakwenda wapi?"

"Banalia, chef. Bibi yangu iko mugonjwa. Ana mimba, anatoka damu. Nakwenda kumuchukua, namuleta hospitali, ni kwenda na kurudi."

"Pole sana. Washa taa."

Mumbere alidhani ni ukaguzi. Na kwa kuwa kila waya wa taa zile alikuwa ameulipia, kwa kuwa zilikuwa zimekula meza yake na cherehani ya mke wake, aliziwasha kwa kitu kinachofanana na majivuno. Afisa akasimama mbele yake.

"Ongeza."

Akaongeza.

"Punguza. Sawa." Afisa alimaliza chai, akamwaga makombo chini. Akalizunguka gari polepole, akabonyeza matairi, akachungulia chini, akanusa. "Gari zuri. Sisi kazi yetu ni ya usiku, bwana, na magari yote ya mji huu ni vipofu. Shuka."

"Chef…"

"Tutakurudishia. Shuka."

Alieleza tena. Alieleza kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Kilingala, akapiga magoti kwenye matope ya barabara. Alisema wamchukue na yeye, wamfunge, wamweke nyuma na risasi zao, almradi wapite Banalia. Alisema atawapa gari, liwe lao kabisa, akishamfikisha mke wake hospitali. Afisa alisikiliza yote hayo kwa adabu. Aliyechoka kusikiliza ni askari mmoja kijana, na ni yeye aliyempiga kitako cha bunduki begani ili waendelee na kazi. Godoro walilitupa kando ya barabara. Sabuni hawakuzitupa.

Akiwa bado ameketi chini akishika bega, likaja lori la makaa kutoka msituni, likielekea mjini. Lilikuwa likitoa moshi kama jiko. Taa yake moja ilikuwa shimo tupu, na nyingine imezibwa kwa kitambaa na waya. Askari hakulitazama mara mbili. Aliinua mti wa kizuizi, akapokea kifuko cha makaa, na dereva akapita, macho mbele, bila kumsalimu yeyote.

Hapo Mumbere akaelewa. Alielewa yote kwa mara moja: yale mashimo mawili, ile mia aliyopunguziwa bila kelele, ile kofia nyuma ya ua, ule mkono wa mzee. Nassoro hakuvunjikiwa na taa zake. Alizing'oa mwenyewe, usalama wa gari lake ulikuwa ni hilo. Alikuwa amemwambia kadiri mtu anavyoweza kusema huku askari wakianika nguo nyuma ya ua. Mumbere alimchukia kwa kutosema zaidi, kisha chuki ikamgeukia mwenyewe, na hapo ikapata mahali pa kukaa. Amenunua gari zima kwa pesa za nusu ya maisha yake, na kwa nusu ya pili amewanunulia askari sababu ya kulichukua.

Hakurudi mjini. Karibu na kizuizi walisimama vijana wa toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli. Mmoja wao, aliyeona kila kitu, alikubali kumwachia baiskeli yake kwa saa ya mkononi, viatu na lile godoro. Mumbere akapanda, miguu mitupu, na kuanza kukanyaga kuelekea Banalia.

Barabara ile si ya baiskeli. Ni ya matope mekundu na madimbwi ambayo lori zima linaweza kulala ndani, na msitu umeegemea pande zote mbili. Alikanyaga, akasukuma, akabeba baiskeli begani, akakanyaga tena. Mvua ilimnyeshea ikamkaukia. Alipofika Bengamisa miguu haikumtii tena. Alijilaza kwenye baraza la shule na usingizi ukamchukua kama maiti, hata hakusikia kama kuna kilichopita barabarani. Alfajiri alipoondoka aliona alama mpya za matairi kwenye matope, zikielekea kaskazini. Alizifuata siku nzima kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kufuata.

Jua lilikuwa limeanza kuinama alipowaona watu wanne wakija na mzigo mabegani. Alimjua Eddy kwa urefu wake. Akapiga kelele ya furaha, akaitupa baiskeli na kukimbia. Alikimbia mpaka akaona kwamba kitenge kimefunika tipoyi yote, kutoka miguuni hadi juu, na kwamba hakuna aliyekuwa na haraka.

Waliishusha chini. Eddy hakulia, alikuwa amekwisha kulia. Alikaa kwenye kingo ya barabara, mabega yake yamechubuka na kuvimba, akaanza kusema kwa sababu ilikuwa lazima mtu aseme.

"Tulingoja, shemeki. Weye ulisema tungoje. Juzi damu ilikuya mingi, nikaona hapana, tutangoja mpaka wapi? Tukamubeba kwa nguvu. Anakataa, anasema tutapishana na weye ku njia."

Mumbere alikuwa amepiga magoti kando ya kitenge, mkono umeelea hewani, hathubutu kugusa.

"Usiku tukaona mwanga. Mbali kule, ma-phare mbili, makubwa. Siku hizi motokari gani inapita huku? Hakuna. Odile akainua kichwa. Akasema, 'Ni yeye. Ni Mumbere.' Shemeki, alikuwa nacheka. Akasema, 'Munishushe, munitie katikati ya barabara, asinipite ku giza.' Tukamushusha. Tukasimama tunapunga mikono, tunaita jina yako."

"Eddy," alisema Mumbere.

"Ikapiga klaksoni tu. Haikupunguza hata kidogo. Tulimuvuta Odile pembeni na miguu, vile unavuta gunia. Ikapita. Basoda na bunduki walijaa kule nyuma." Akafuta uso kwa kiganja. "Akaniuliza, 'Amepita? Juu ya nini amepita?' Nikamuambia haikuwa weye. Nikaapa na jina ya papa. Hakuniamini. Alikuwa anasema tu, 'Alisema nyeupe, na ile iko nyeupe.' Mpaka mwisho, shemeki. Alikufa anazani ni weye."

Ndege walikuwa wakipiga kelele msituni kama kawaida yao ya jioni. Wale wabebaji watatu walitazama chini. Mmoja wao, mzee kidogo kuliko wenzake, alisema Mungu atamlipa mwenye motokari ile, yeye na watoto wake.

"Iko yangu," alisema Mumbere.

Yule mzee akainua macho.

"Ile motokari. Iko yangu. Ile ma-phare ni miye nilitia. Niliuzisha mashini yake juu ya zile phare."

Eddy alimtazama. Aliona mtu mwenye miguu mitupu inayovuja damu, na baiskeli ya kukodi imelala matopeni nyuma yake. Macho yake yakajaa huruma, na huruma ile Mumbere hakuweza kuistahimili, kwa maana alitaka kupigwa.

"Pole, shemeki," alisema Eddy kwa upole, kama unavyosema na mtu ambaye akili imemhama kidogo. "Usiseme tena. Tulikuwa nakuletea umuone, lakini atalala kwao, pembeni ya papa. Twende tumurudishe." Akamshika kwapani, akamwinua, akamwonyesha mti wa nyuma wa tipoyi, upande wa kushoto, mahali pa kuweka bega.